Mjadala: Foleni ya Phoenix

Watu wanne wanaozungumza hapa nimewabuni, na duka walimokaa nimelibuni pia. Hoja zao sikuzibuni. Nimewaketisha nyuma ya duka la vyakula vya kwetu mjini Phoenix, jimbo la Arizona, jioni ya Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025. Serikali kuu ya Marekani ilikuwa imefungwa tangu tarehe 1 Oktoba kwa ugomvi wa bajeti, na Jumamosi iliyotangulia kikao hiki fedha za SNAP, ile kadi ya chakula inayotegemewa na watu wapatao milioni 42, hazikuingia.

Phoenix sikuichagua ovyo. Benki ya chakula ya kwanza duniani ilianzishwa hapa mwaka 1967, na hapa hapa wameletwa wakimbizi wengi wa Kongo. Wanaozungumza ni Mzee, Mbembe wa Fizi mwenye miaka 61, aliyeishi kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma tangu 1997 hadi 2018. Mama, mjane wa watoto wanne, anayesafisha ofisi usiku. Ami, mwenye duka, mzaliwa wa Mombasa. Na Binti, mwanafunzi wa chuo ambaye Jumamosi hujitolea kwenye pantri ya mtaani, yaani kituo cha kugawa chakula.

MZEE: Nianze mimi, maana najua nimeitwa hapa kusemwa. Nyarugusu nimepanga foleni miaka ishirini na moja. Kadi mkononi, gunia kwapani, unapimiwa unga, mbaazi za njano, mafuta kidogo, chumvi. Mwaka 2017 mgawo ulipokatwa hatukuulizwa. Aliyekuwa akinipimia ni kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, na alikuwa akinifokea. Nilipopanda ndege nilisema foleni ile nimeiacha Kigoma. Sasa mama huyu ananigongea mlango kabla jua halijatoka: Mzee, vaa viatu twende. Twende wapi? Kwenye foleni!

MAMA: Nilikuita kwa sababu nilifungua friji yako nikakuta chupa ya maji na nusu kitunguu.

AMI: Aa, Mama! Umemvua mzee nguo mbele za watu.

MAMA: Mficha uchi hazai, Ami. Na mficha njaa anazikwa. Mimi siku ya kwanza nilikaa ndani ya gari nusu saa nikiwa nimejifunika kitenge kichwani, eti nisijulikane. Nikatazama wanaoingia. Mwalimu wa mwanangu alikuwemo. Mlinzi wa jengo ninalosafisha alikuwemo. Nikashuka. Wakaniuliza jina, ninapokaa, tuko wangapi nyumbani. Mapato nikayataja mwenyewe, nikatia sahihi. Karatasi za uhamiaji hakuna aliyezitaja.

BINTI: Wengi hawaziulizi. Wapo wanaotaka barua yenye anwani, bili ya umeme kwa mfano, kwa hiyo ni vizuri kupiga simu kwanza. Lakini mwaka huu watu wanaogopa hata kutoka nje, Mama. Kuna wateja wetu tuliokuwa tukiwaona kila wiki, sasa hawaonekani. Wengine tunawapelekea mlangoni.

MZEE: Na wanachokupa ni nini? Mikebe iliyopitwa na siku.

BINTI: Mzee, tarehe hiyo inakuonyesha mpaka lini chakula kitakuwa na ladha yake nzuri. Sheria ya serikali kuu inailazimisha kwenye maziwa ya watoto wachanga tu. Kwingine kote kiwanda kinaandika kinavyoona. Mkebe ukivimba, ukivuja, ukishika kutu kwenye mshono, tupa. Mkebe mzima uliopita mwezi mmoja, kula.

MAMA: Mimi nitawaambia ninachopata. Mchele, tambi, viazi, karoti, mkate wa jana, mikebe ya maharage na samaki. Siku ya bahati unapata kuku wa barafu. Siagi ya karanga, ile isiyotiwa sukari ukiibahatisha, naitia kwenye sombe na hakuna anayejua. Maharage yenye mchuzi mtamu nayaosha kwa maji moto, nayakaanga upya na kitunguu. Unga wa mahindi wa kupikia ugali ndio haba, huo naja kuutafuta kwa Ami.

AMI: Na soma mkebe wa maharage vizuri kabla ya kumpa Mwislamu. Mingine ina mafuta ya nguruwe. Hilo moja. La pili, mimi sina ugomvi na anayekwenda. Ugomvi wangu ni kwamba tumekimbilia kwa watu kabla ya kukimbiliana sisi kwa sisi. Tukifiwa hapa, kwa siku tatu tunachanga maelfu ya dola, maiti anarudishwa Bukavu au Mombasa kwa heshima zote. Mtu mzima hajawahi kuoza hapa kwa kukosa nauli. Sasa jamaa wanaoweza kurudisha maiti kwao wanashindwaje na kilo kumi za mchele? Tufufue chama. Kila nyumba itoe kidogo kila mwezi, ghala liwe hapa hapa nyuma ya duka, mtu aje usiku achukue, asijulikane.

MAMA: Maiti ni mmoja, Ami, na unamzika mara moja. Njaa inarudi kila jioni.

BINTI: Na kuna jambo jingine, Ami. Chama kinabeba mtu anapoanguka mmoja wakati wengine wamesimama. Jumamosi tumeanguka wote siku moja. Wale ambao wangekuchangia ndio hao hao ambao kadi zao hazikuingia. Daftari lako la mkopo limeandikwa majina mangapi tangu juzi?

AMI: Limeandikwa. Tusilihesabu.

Hapa ingefaa Ami aachwe na swali lake kidogo, kwa sababu hajashindwa kabisa. Chama kinampata mtu ambaye pantri haimpati: asiyejua Kiingereza, asiye na gari katika mji ambao bila gari huendi popote, anayefanya kazi saa zile pantri inapofunguliwa. Lakini kuhusu ukubwa wa mzigo, Binti yuko sahihi. Umoja wa mabenki ya chakula nchini, Feeding America, wenye mabenki yapatayo 200 na maelfu ya pantri nyuma yake, wenyewe unasema kwamba kwa kila mlo mmoja unaoutoa, SNAP inatoa milo tisa. Ikiwa mtandao wote huo, pamoja na magari yake na majokofu yake, ni moja kwa tisa, ghala la nyuma ya duka la Ami litakuwa ngapi?

AMI: Basi niseme ya biashara, kama mnataka hesabu. Kadi ikiingia, mama anakuja hapa. Ananunua unga, dagaa, mawese, samaki wa chumvi. Mimi ninamlipa kijana wa kaunta, ninamlipa mwenye nyumba, ninaagiza mzigo mwingine. Boksi la pantri halipiti hapa. Linatoka ghala la supamaketi, linaingia kwenye gari, limekwisha. Mtu akila boksi mwezi mzima na kadi yake tupu, mimi nafunga.

BINTI: Umeisema vizuri kuliko mwalimu wangu. Kadi inampa mtu uwezo wa kuchagua, na fedha inabaki mtaani. Boksi ni kile kilichobaki kwa mwingine. Mnajua lilivyoanza? Hapa Phoenix alikuwepo John van Hengel, mtu wa kujitolea kwenye jiko la kulisha maskini. Alikutana na mama mmoja aliyekuwa akilisha watoto wake kwa vyakula vilivyotupwa na duka nyuma ya jengo. Mama yule ndiye aliyemwambia pangekuwa na mahali kama benki, mwenye ziada aweke, mwenye shida achukue. Parokia ya St. Mary's ikampa van Hengel jengo lililoachwa. Hiyo ni 1967. Mwaka 1976 sheria ya kodi ikabadilishwa, makampuni yakitoa chakula yanapunguziwa kodi, na michango ikafurika. Mwaka 1979 akaanzisha mtandao wa nchi nzima. Mwaka 1981 serikali ya Reagan ilikuwa na jibini imejaa maghalani hadi inaota ukungu, ikaanza kuigawa kwa maskini. Ule mpango uliitwa wa muda. Upo hadi leo.

MZEE: Kwa hiyo tunakula mabaki.

BINTI: Mengine mabaki, mengine hapana, nitafika huko. Ninachosema ni hiki. Mwaka 1998 mwanasosholojia Janet Poppendieck aliandika kitabu akauliza kama wema huu wote hauwapi wanasiasa usingizi mzuri. Mwaka 2017 Andrew Fisher akaandika kingine, akaonyesha jinsi makampuni makubwa yanavyokaa kwenye bodi za mabenki ya chakula wakati wafanyakazi wao wenyewe wanalipwa mshahara usiotosha chakula. Mimi nafungasha maboksi kila Jumamosi, Mzee, na kila Jumamosi najiuliza kama simsaidii mbunge kulala.

MAMA: Binti yangu, shule umesoma na Mungu akubariki. Nijibu swali moja. Nisipochukua boksi ili mbunge aamke, ataamka saa ngapi? Maana watoto wangu wanaamka saa kumi na mbili.

BINTI: Sisemi usichukue, Mama.

MAMA: Ndivyo inavyosikika. Anayeshiba anasema mfumo mbovu, mwenye njaa anasikia usiende.

Mama amesema jambo ambalo vitabu vile viwili havikulikwepa, lakini wasomaji wao wengi hulikwepa. Hoja ya Poppendieck inawahusu wanaotoa na wanaotunga sheria. Ikishuka mtaani inageuka kuwa kosa la anayepokea, kama vile mjane mwenye watoto wanne ndiye aliyepunguza bajeti. Nimesikia wasomi wetu wakiisema hivyo, tena kwa sauti ya juu, wakiwa na sahani mbele yao.

MZEE: Umesema utafika kwenye yasiyo mabaki.

BINTI: Ndiyo. Sehemu ya chakula kilichomo kwenye boksi hununuliwa na Wizara ya Kilimo, kwa fedha za kodi, kutoka kwa wakulima. Kodi ya nani? Wewe ulipofanya kazi ghalani miaka ile, kila wiki mbili walikukata. Mama anakatwa. Kile chakula umeshakilipia, Mzee. Mwezi Machi mwaka huu wizara ilifuta mpango mwingine uliokuwa ukitoa fedha za kuzinunulia pantri mboga na nyama kwa wakulima wa karibu. Ukiona boksi limepungua nyanya mbichi, si kwamba watu wamekuwa wachoyo.

AMI: Kwetu zaka ni haki ya maskini ndani ya mali ya tajiri. Anayepokea hashukuru kama aliyefadhiliwa, amechukua chake.

MAMA: Basi unanitetea mimi, Ami.

AMI: Natetea zaka.

MAMA: Sawa, lakini umenitetea.

MZEE: Mimi nina neno na ninyi hamjanisikia. Mnasema aibu, aibu. Sikusema naona aibu. Nilisema sitaki kupimiwa. Mtu akinipimia chakula ananiambia mimi ninakula kiasi gani, ninapenda nini, nina watoto wangapi wa kweli na wangapi wa kusingizia. Nimepimiwa miaka ishirini na moja. Inatosha.

BINTI: Pantri yetu hatupimi. Unaingia, unachukua kitoroli, rafu zipo kama dukani. Utaambiwa mikebe minne kwa familia yako, uchague ipi. Hutaki jibini, unaiacha. Zipo bado zinazokupa boksi lililofungwa, na wakati wa korona mwaka 2020 karibu zote zilikuwa hivyo; hapa kwenye benki ya chakula ya St. Mary's walikuja hadi askari wa Walinzi wa Taifa kufungasha, magari yamepanga mstari. Lakini za kuchagua zimeongezeka.

MZEE: Kuchagua ni kitu kingine.

MAMA: Nimekuambia hilo mara ngapi?

MZEE: Uliniambia vaa viatu.

Wakacheka, na mimi niliyewatunga nafurahi kuwaona wakicheka, kwa sababu linalofuata halichekeshi. Tarehe 4 Julai 2025 Marekani ilipitisha sheria iliyobadilisha SNAP kwa namna inayowagusa watu wa meza hii moja kwa moja. Kwanza, sharti la kazi lililokuwa likiishia miaka 54 limepandishwa hadi 64. Mtu mzima asiye na mtoto wa chini ya miaka 14 nyumbani lazima aonyeshe saa 80 za kazi kwa mwezi. Asipoonyesha, atapata kadi kwa miezi mitatu tu ndani ya miaka mitatu. Pili, mkimbizi ambaye hajapata kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ameondolewa kabisa.

MZEE: Hilo la kazi ni langu. Mgongo umekataa ghala, wao wanataka saa 80.

MAMA: Daktari akiandika kwamba huwezi kazi, wanakuondoa kwenye sharti hilo. Tulikwisha sema tutakwenda kwake Alhamisi.

BINTI: Na kazi ya kujitolea inahesabiwa. Ukija pantri kukaa mezani, kuandikisha watu, kuwasemesha Wakongo kwa Kiswahili na Kibembe, unatiwa sahihi saa zako.

MZEE: Kwa hiyo nifanye kazi bure saa 80 kwenye foleni, ili niruhusiwe kununua mchele kwa Ami?

BINTI: Ndiyo, Mzee. Ndivyo ilivyoandikwa.

MZEE: Aliyeandika hajapanga foleni hata siku moja.

AMI: Na wale wa ghorofa ya juu? Walioingia Januari?

BINTI: Waliwahi kuingia kabla ya amri ya tarehe 20 Januari iliyosimamisha kupokea wakimbizi. Mkimbizi anaomba kadi ya kijani baada ya mwaka mmoja, na wao mwaka haujafika. Walipokwenda kujiandikisha upya, wakafutwa. Serikali hata ikifunguliwa kesho, wao hawarudishiwi.

MAMA: Watoto watano. Nani anawalisha sasa? Boksi.

AMI: Na hawa hawajaingia kwenye chama chochote, hata salamu bado wanasalimia kwa woga. Haya. Hawa niachieni mimi. Unga, mafuta na dagaa, mpaka wapate karatasi. Nitaandika kwenye daftari na sitadai.

MAMA: Hicho ndicho chama chako?

AMI: Ndiyo mwanzo wake. Usinicheke. Na sitaki wapange foleni dukani kwangu, sitaki kuona watu wanasukumana. Nilikuwa nikifuatilia habari za nyumbani Aprili 2020, chakula cha msaada kilipogawanywa Kibera bila utaratibu, watu wakakanyagana, mabomu ya machozi yakapigwa. Chakula cha bure kisipopangwa kinaumiza.

BINTI: Ndiyo maana hao wa pantri wanauliza jina na anwani, Ami. Wewe ulidhani ni dharau.

Niwakatize hapa, maana Mama ana zamu saa nne usiku. Mimi nimesimama upande gani? Katika suala la kwenda au kutokwenda, nimesimama na Mama bila kusita. Katika suala la kutosheka na pantri, nimesimama na Binti. Ami ningemwomba aendelee na daftari lake lakini asilitumie kuwaambia wengine wasiende kwingine. Mzee simhukumu. Aliyepimiwa unga miaka ishirini na moja ana haki ya kuuliza ni mkono gani unaompa na kwa sauti gani, na pantri isiyoweza kujibu swali hilo haifai kushangaa anapobaki nyumbani na kitunguu chake.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa, na linaniudhi kuliko yote. Kwa ripoti ya kila mwaka ya Wizara ya Kilimo, mwaka 2023 Wamarekani milioni 47.4 waliishi katika nyumba zisizo na uhakika wa chakula, na nyumba hizo zilikuwa asilimia 13.5 ya nyumba zote. Ripoti hiyo ndiyo iliyowapa watu kama Binti cha kushika mkononi wanapokwenda kwa mbunge. Septemba 2025 wizara hiyo hiyo ilitangaza kwamba itaacha kuitoa. Wenye njaa hawatapungua kwa kutohesabiwa, na pantri zitazidi kuwa mahali pekee ambapo mtu anaandika jina lake na kusema nyumbani tuko wangapi.

Serikali ilifunguliwa usiku wa tarehe 12 Novemba, baada ya siku 43, na fedha za kadi zikarejea. Sheria ya Julai haikuguswa. Kwa hiyo ndugu msomaji uliyeko Phoenix, Louisville, Des Moines, Portland au kokote huko: piga 211, simu ni ya bure. Ukipokewa, taja lugha yako, useme Kiswahili, usubiri mkalimani, kisha uliza mambo manne: pantri iliyo karibu nawe inafunguliwa siku gani, inataka karatasi gani, unachagua mwenyewe au unapewa boksi, na kama wanaweza kukuletea nyumbani. Ukimaliza, mpigie jirani yako aliyekuja karibuni umpe namba hiyo, maana ofisi iliyomfutia kadi huenda haikumwambia.